Maswali na majibu: mkono wa Billy Bitzer

Wiki iliyopita nilimtaja Billy Bitzer, mpigapicha wa Marekani aliyeshika kamera tangu filamu hazijapata sauti. Maswali yamemiminika.

Alisomea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Shule haikuwapo. Alikuwa fundi umeme wa kampuni ya filamu ya American Mutoscope, New York, na kamera akaikutia hukohuko kazini. Mwaka 1899 alikuwa Coney Island, New York, pambano la ngumi la Jeffries na Sharkey liliporekodiwa chini ya taa zipatazo 400. Raundi 25, na joto lote lile kichwani.

Kwa nini watu wa filamu za zamani wanatembea mbiombio? (Msomaji, Tanga)

Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, kama cherehani cha mkono. Kawaida ilikuwa mizunguko 2 kwa sekunde, kila mzunguko fremu 8, yaani picha 8 za mfululizo. Ukizionyesha fremu hizo 16 kwa mwendo wa leo wa 24, mtu aliyekuwa akijitembelea anaonekana kama kafukuzwa na nyuki. Lawama ni ya anayeonyesha, ingawa wapigapicha nao walipunguza mwendo wa kuzungusha makusudi ili farasi waonekane wanapaa. Wakati huohuo mkono wa kushoto ulizungusha kishikio kingine, kamera igeuke kumfuata mwigizaji. Hebu koroga uji kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukipepea jiko, halafu uniambie.

Mbona midomo yao myeusi? (Msomaji, Nakuru)

Filamu ya siku hizo, ule utepe wa ndani ya kamera, haikuiona rangi nyekundu, ikaitoa nyeusi. Buluu ilitoka nyeupe, ndiyo maana mbingu zao hazina mawingu.

Ni kweli aliwasha moto chini ya kamera? (Msomaji, Iringa)

Ndiyo. Alifanya kazi na mwongozaji D. W. Griffith tangu 1908, na walipopiga *Way Down East*, iliyotoka 1920, baridi iligandisha mafuta ya kamera. Wakakoka kamoto chini yake. Mwigizaji Lillian Gish, aliyelala juu ya pande la barafu nywele na mkono vikiwa majini, hakukokewa chochote.

Alitajirika? (Msomaji, Mombasa)

Kwa muda. Aliweka akiba yake katika *The Birth of a Nation* ya 1915, filamu inayowatukuza Ku Klux Klan, genge la Wazungu wabaguzi waliowashambulia Weusi Marekani. Pesa ilirudi na faida, na doa likabaki. Sauti ilipoingia, kazi zilimkauka. Baadaye alisaidia kutunza filamu za kale katika makumbusho ya Museum of Modern Art, New York. Alifariki 1944.