Grupu la darasa limekufa? Jaribu picha

Pole ticha, umesema grupu lako la WhatsApp hapo Iringa lina wanafunzi 90 na ukiuliza swali unapata stika na "sawa mkuu" basi. Mi nafundisha kilimo huku Mbeya, yalinikuta hayohayo. Kinachowachosha ni zile PDF, dogo kajiunga bando la mia tano afu unamtumia kitabu cha MB 40, anakiangalia hivi anapita zake. Siku hizi Jumapili jioni natupia picha moja tu, mfano jani la mhindi limetobolewa matundu matundu na ule uchafu kama unga wa mbao umejaa kwenye moyo wa mmea, nauliza huyu mdudu nani na ungekuwa na shamba Mbozi ungefanyaje, jibuni kwa voisi. Wee! Siku ya kwanza wamebishana mpaka saa sita usiku. Ni viwavijeshi vamizi, ila mi sisemi, jibu nalitoa darasani Jumatatu. Waoga wananifuata inbox, nalisoma jibu lao bila jina. Maksi usiweke kabisa, kuna wenye simu za batani. Na ikifika saa nne usiku nenda setingi weka admini pekee ndo atume, la sivyo utaamshwa na yale maua ya "asubuhi njema", Mungu atusaidie.