Muulize Anko: Kabusi jekundu kwenye bustani ya kijiji

SWALI: Anko shikamoo. Niko huku Ohio, Marekani, kijiji kidogo tu, reli iling'olewa zamani saizi ni njia ya baiskeli. Kamati ya bustani imepewa kabusi, lile behewa la mwisho la treni ya mizigo, bovubovu, wanataka kulikarabati liwekwe karibu na bembea za watoto. Mimi nimejikuta kwenye kamati (nilienda kula keki tu jamani). Kuna wanaotaka likae juu ya zege, wengine wanataka reli, na mmoja ameshanunua rangi kabisa! Alafu mwanangu kila siku ananiuliza kale kachumba ka juu ya paa ni ka nini, sijui nimjibu nini.
Mama Zawadi

JIBU: Marahaba mwanangu, keki imekuponza.

Nianze na mtoto maana ndo kauliza la maana. Mwambie watu wa treni walikuwa wanapanda humo, vioo pande zote, wanaangalia mabehewa yote yaliyo mbele yao, na kikubwa walichokuwa wanatafuta ni moshi. Enzi hizo ekseli ilikuwa inazungukia kwenye kikasha kilichojazwa nyuzi zilizolowa oili, oili ikiisha chuma kinashika moto, ekseli inaweza kukatika na treni ikalala chini. Sisi tuliokulia Tabora tulimzoea gadi na bendera yake ya kijani nyuma kule, basi huko kwenu gadi anaitwa kondakta na kabusi ndo ilikuwa ofisi yake, jiko lake na kitanda chake.

Kama jiko la chuma bado lipo liangalie kwa juu, utakuta lina ukingo kuzunguka. Ni wa kuzuia birika lisiruke, maana treni ndefu ikianza kuvuta ule mshtuko unapita behewa kwa behewa mpaka la mwisho, na wa mwisho anaupokea wote, watu walikuwa wanavunjika humo ndani.

Sasa kamati. Zege hapana, litaonekana kibanda cha chipsi. Tafuteni kipande cha reli, mataruma na kokoto, upana kati ya reli na reli ni milimita 1435 (sio mita moja kama reli yetu ya zamani), na kokoto sio urembo, zinapitisha maji yasituame chini. Kreni inatanguliza magurudumu kwenye reli, alafu mwili unashushwa juu yake. Magurudumu yafungwe kabisa, vijana watajaribu kulisukuma tu, nawajua.

Wa rangi mwambie aiweke stoo kwanza. Paa ndo linaanza! Pale kachumba kanapokutana na paa ndo panavuja, maji yanashuka ndani ya ukuta, nje kunameta na ndani mbao zinaoza. Chukua bisibisi uchome ubao wa chini karibu na sakafu, ikizama kama kwenye mkate basi hiyo rangi ingekuwa hela ya bure. Na rangi ya zamani msiipige msasa ovyo, behewa la umri huo linaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi (Marekani waliipiga marufuku kwa rangi za majumbani 1978) na vumbi lake ni sumu kwa watoto wa bembea, ipimwe na itolewe na watu wanaoijua kazi. Chini ya matabaka mnaweza kukuta namba na jina la kampuni, pigeni picha kabla hayajapotea.

Kwenye kibao msiandike "treni ya kale" mkaishia hapo. Andikeni kwamba mwaka 1982 kampuni za reli na chama cha wafanyakazi walikubaliana treni za mizigo ziweze kwenda bila kabusi, nafasi yake ikachukuliwa na kiboksi chenye taa nyekundu inayomweka, kinamtumia dereva taarifa za breki kwa redio. Mtu mzima na jiko lake wakatolewa na kiboksi!

Na mlango ufunguliwe hata mara moja kwa wiki. Ukipita Nairobi nenda makumbusho ya reli, lipo behewa ambalo ndani yake Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alichukuliwa na simba pale stesheni ya Kima mwaka 1900, hakuna anayeuliza limepakwa rangi gani, wote wanataka kujua simba aliingilia wapi.

Picha ya jiko nitumie, kama halijaibiwa.