Akitoka kituoni aanzie wapi?
Dada, umeuliza mpwa wako aliyelelewa kituo cha watoto hapa Kigoma aanzie wapi akitimiza miaka 18. Anza na karatasi, chumba baadaye. Kama hana cheti cha kuzaliwa, mbane afisa ustawi wa jamii wakifuatilie RITA, wakala wa usajili wa vizazi, angali kituoni; bila cheti hicho, kitambulisho cha taifa (NIDA) kitamsumbua, hasa kwetu huku mpakani, na bila NIDA hata laini ya simu hasajili. Chumba, mtafutie Gungu au Mwanga, na kodi ya miezi kadhaa iwe tayari. Ufundi, chuo cha VETA kipo. Ila tafadhali, mpeleke sokoni mwenyewe: amezoea chakula kinachokuja sahanini, hajui fungu la dagaa linatosha siku ngapi. Na Jumapili aje kwako ale, hata akisema ameshiba.