Malindi mwezi wa Mei? Sogeza safari

Dada, Mei ni masika na upepo wa kusi umeshika. Bahari huchafuka, na Mto Sabaki humwaga tope mpaka ufuo wa mji unageuka rangi ya chai ya maziwa. (Na maji ya Mto Nairobi yamo humo humo, tusilaumu Pwani.) Nenda Januari au Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na maji ni maangavu.

Ukitoka Nairobi, panda treni ya SGR ya asubuhi. Ya alasiri inakushusha Miritini, kituo cha Mombasa, usiku, na Malindi bado ni zaidi ya kilomita 120.

Mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapo 1498, na kikanisa cha Wareno cha makuti vinamalizika kwa nusu siku kwa miguu. Gede ndiyo ipewe muda: magofu ya Waswahili msituni, matatu za Kilifi zinakushusha njia panda.

Mashua ya kwenda kuona matumbawe inategemea maji kupwa, si saa yako. Uliza kupwa ni saa ngapi kabla ya kulipa. Maji yakijaa utaona kiza tu. Samaki nunua asubuhi mashua zikirudi, changu au tafi, macho maangavu, matamvua mekundu.