Rede kwanza, penseli baadaye: maswali ya wazazi na walimu wa Tanga

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka minne, penseli anaikamata kwa ngumi. Nimnunulie daftari la kufuatisha herufi? – Mama, Makorora

Marahaba mama. Daftari liache dukani kwanza. Vidole vinategemea bega, na bega linategemea mgongo uliokaza. Mtoto ambaye bega lake bado legelege ataibana penseli kwa nguvu zote na kuchoka mapema. Mchezeshe kaa: aketi, aweke viganja nyuma, ainue makalio, kisha aende upande upande kama kaa wa Raskazone maji yakitoka. Akande unga wa chapati, akamue nguo zake mwenyewe (utalowa wewe, vumilia).

Halafu mdako, ule mchezo wa kurusha kitu juu na kuchota kokoto kishimoni kabla hujakidaka. Chimba kishimo, tia kokoto kubwa, lakini cha kurusha juu kiwe soksi iliyoviringwa. Soksi inadakika, na haivunji jino. Wengi wa umri huo hata mpira mkubwa bado wanaukumbatia kifuani. Ukimdai adake kokoto utamkatisha tamaa bure.

Darasa langu la awali lina watoto wengi, uwanja mdogo. Rede inaishia vilio. – Mwalimu, Pongwe

Kasoro ya rede ni kwamba aliyepigwa na mpira anatoka. Na anayetoka wa kwanza kila siku ni yule mzito, ambaye ndiye hasa anahitaji kukimbia na kukwepa. Geuza sheria: aliyepigwa ahamie kwa warushaji, asiwepo wa kukaa pembeni akitazama. Mpira uwe wa matambara. Siku ambayo nafasi haitoshi, cheza ukuti, kisha katikati ya mzunguko piga kofi moja: wote wagande, mguu mmoja juu. Hapo wanajifunza mizani, na pia kujizuia, jambo ambalo mwalimu wa darasa la kwanza atakushukuru.

Simu kidogo ina ubaya gani? – Baba, Chumbageni

Inakula muda. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka mitatu hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Skrini isizidi saa moja.

Baiskeli yenye magurudumu ya pembeni inafaa? – Babu, Ngamiani

Shikamoo babu. Mji wetu huu wa baiskeli, swali hili nililisubiri. Magurudumu hayo yanamfundisha kukanyaga pedeli, mizani hayamfundishi. Yafungue, na pedeli nazo zifungue, shusha siti mpaka nyayo zitue chini, mjukuu ajisukume kwa miguu. Akishaweza kuteleza miguu ikiwa juu, rudisha pedeli.

Wa kwangu ana miaka mitano, hawezi kuruka kwa mguu mmoja. – Mama, Sahare

Wengi wa umri huo wanaweza. Mchoree vyumba mchangani, mshike mkono mmoja, aruke kila jioni. Asipopiga hatua, au ukiona anaanguka ovyo, anatumia upande mmoja tu wa mwili, au anapoteza alichokuwa akikiweza, usingoje: mpeleke kwa daktari, hospitali ya Bombo.