Akiba ya msiba haikopeshwi

Julai 2021, wakati wa corona, chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Dar es Salaam kilipata misiba miwili ndani ya siku tisa. Mweka hazina nilikuwa mimi. Daftari lilisema tuna shilingi milioni 3.2. Fedha taslimu ilikuwa milioni 1.3; iliyobaki tulikuwa tumewakopesha wanachama.

Katiba yetu inampa mfiwa milioni moja. Wa kwanza alipata. Wa pili alikuwa mjane, na marehemu mumewe hakuwahi kuruka mchango kwa miaka tisa. Nilimpelekea bahasha ya laki tatu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaisukuma chini ya mkeka bila kuifungua. Nje, dereva wa gari la kupeleka mwili Songea alikuwa bado anasubiri malipo.

Ndugu yangu unayeshika fedha za chama, usihesabu mkopo kuwa akiba. Fedha iliyo mikononi mwa watu haiwezi kumzika mtu msiba ukija usiku wa manane. Hata turubai na viti ni mali nzuri, lakini si akiba.

Sisi tulifungua daftari la nyuma tukatafuta mwaka uliotuumiza zaidi: misiba mitano. Basi lengo letu la akiba likawa milioni tano, na akiba hiyo haikopeshwi hata kwa mwenyekiti. Tuko 42. Mchango ulikuwa 10,000 kwa mwezi, tukapandisha hadi 13,000, na zile 3,000 zinakwenda akiba moja kwa moja: 126,000 kila mwezi. Wapo walionung'unika. Nilikubaliana nao kwamba ni nzito, lakini sikurudi nyuma.

Akiba iwekeni kwenye akaunti yake peke yake, si kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mwaminifu kiasi gani. Benki itadai katiba, cheti cha usajili na muhtasari wa kikao uliosainiwa, andaeni mapema. Watia saini wawe watatu, na hela isitoke bila wawili. Kila kikao, taarifa ya benki ipite mkono kwa mkono hadi kwa aliyekaa mlangoni. Mkiigusa akiba, pangeni hapo hapo mtairudisha kwa miezi mingapi.

Madeni yalirudi polepole. Laki saba za kwanza hatukuzipeleka benki. Tulimpelekea mama yule.