Uanzie wapi kuuchambua umati wa Juliasi Kaizari

Ndugu, umeuliza uonyesheje tabia ya binadamu katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Nenda moja kwa moja sehemu ya tatu, onyesho la pili, utie alama kila mahali umati wa raia wa Roma unapoitikia. Brutus, mmoja wa waliomuua mtawala Kaizari ili asijifanye mfalme, anatoa hoja kwa nathari, yaani lugha isiyo ya kishairi. Wanamshangilia, na mmoja anataka yeye ndiye awe Kaizari. Yaani hawakuelewa hata kwa nini Kaizari kauawa! Kisha Antony, rafiki wa Kaizari, analeta maiti yake, joho lake lililotobolewa kwa majambia, na wosia wake: drakma (sarafu) 75 kwa kila raia, na umati unawageukia wauaji. Wengi huandika "umati ni kigeugeu", wakaishia hapo. Haitoshi. Onyesho linalofuata wanamvamia Cinna mshairi kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji, ingawa amejitambulisha kuwa si yeye.